Kanda ya Lukasi wa Kinyala

Wanasema akiba haiozi. Waliosema hivyo hawakuwahi kuishi Tukuyu. Hapa kwetu ukisahau viatu chini ya kitanda wiki mbili unavikuta vimeota manyoya, chumvi inatoka maji kwenye kopo, na Biblia isipofunguliwa inanuka uyoga. Kwa hiyo mume wangu alipofungua kabati lake mwezi wa tatu mwaka 2004 na kupiga ukelele, mimi sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimemwonya miaka kumi.

"Mama Baraka, njoo uone!"

Nikaenda na mkasi wangu mkononi. Kanda zake za video, mia mbili na kumi na mbili, zilikuwa zimejipanga kabatini kwa mwaka na kwa kijiji, na kwenye kila kidirisha cha kanda kulikuwa na madoa meupe ya ukungu. Akachukua moja, akainusa, akairudisha taratibu.

Huyo ndiye Anyelwisye. Zamani alikuwa karani wa stoo katika shirika la umma. Mwaka 1993 wakapunguza wafanyakazi, naye akapewa kiinua mgongo chake na barua ya shukrani. Wakati huo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza kila kitu. Wenzake walionunua mashine za kusaga walionekana wana akili. Mume wangu alikwenda Tunduma akarudi na kamera ya video ya kubeba begani, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Nilimnunia wiki nzima. Lakini kumbe watu walikuwa wanamsubiri. Harusi Lufingo, mazishi Masukulu, kipaimara Kinyala, kote akaitwa yeye. Mteja alipewa nakala, na kanda yenyewe ikabaki kabatini kwetu. "Kanda ya mtu haipotei kwangu," alikuwa anawaambia, na mimi na vitambaa vyangu vya ushonaji tukazidi kubanwa kwenye kona.

Wiki ile ile akaja Bibi Atuganile kutoka Kinyala, na mwavuli na mkungu wa ndizi wa kututunza. Tukasalimiana, ugonile, ndaga, akakaa. Alikuwa na shida moja. Mwaka 1995 mume wangu alimrekodi mwanawe, Lukasi, siku ya harusi yake. Miaka mitatu baadaye Lukasi akafa kwa homa ya mapafu, akaacha binti wa mwaka mmoja, Tulinagwe. Mama wa mtoto akaolewa Chunya. Nakala ya bibi waliiazima ndugu, deki yao ikaitafuna.

"Tulinagwe ameanza shule," akasema bibi. "Juzi ameniuliza, bibi, baba alikuwa anaongeaje? Nimemwambia alikuwa mrefu. Nimemwambia alipenda maparachichi. Lakini sauti, mwanangu, sauti nitamwambiaje?"

Mume wangu akaitafuta kanda, akaiweka kwenye deki. Kioo kikajaa chenga, deki ikakoroma, ikasimama. Akaitoa haraka, akafungua kifuniko chake, akautazama utepe kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona uso wake unabadilika.

"Bibi, nitaisafisha. Lakini utepe umeanza kubanduka. Nikiisafisha itacheza mara moja, labda mara mbili, halafu basi."

"Si icheze hiyo mara moja?"

"Itacheza. Ila ikicheza lazima kuwe na kitu cha kuipokea. Nikiipokea kwenye kanda nyingine, ile nayo itaoza."

Ndivyo kompyuta ilivyoingia nyumbani kwetu.

Yussuph alikuwa na duka karibu na soko, anauza redio, simu za mkononi na kompyuta zilizotumika anazozifuata Dar es Salaam. Siku tuliyokwenda alikuwa na mbili. Ya kwanza nyeusi, nyembamba, kioo bapa, na spika zinazowaka taa za buluu. Ya pili ya kijivu, kubwa, imetoka ofisini kwa watu, ina alama ya gundi ya karatasi ubavuni.

"Kaka, chukua hii nyeusi," akasema Yussuph. "Ina kasi, ina umbo. Mteja akiingia studio yako anaona ameingia mahali."

Mume wangu hata hakuishika. Akaipigia magoti ile ya kijivu. Inaingia diski ngumu ngapi za kuhifadhia? Nne. Na ile nyeusi? Moja. Feni yake inatoa joto wapi? Umeme ukipanda ghafla inafanyaje? Ukitaka kubadilisha diski unafungua skrubu ngapi? Yussuph alijibu mpaka jasho likamtoka.

"Mchagua jembe si mkulima, Baba Baraka," nikamchokoza.

"Mimi leo si mkulima, natafuta ghala," akasema bila kugeuka. "Ghala huliulizi kama linang'aa, unauliza kama linavuja."

Yussuph akajaribu njia nyingine. Kwa nini asichome kila harusi kwenye sidii? Bei rahisi, tena zinametameta. Mume wangu akamwambia ameshaona sidii za harusi, zimekaa mwaka mmoja tu hapa Tukuyu, ngozi inatoka kama ya kitunguu. Hapana. Diski. Tena siyo moja kubwa, mbili.

"Mbili za nini, kaka? Moja tu inamaliza harusi zako zote."

"Diski inazunguka, si ndiyo? Kitu kinachozunguka siku moja kitakwama."

Hapo Yussuph akacheka, akamheshimu. Akaeleza kwamba diski mbili zikiwekwa ndani ya mashine moja, unaweza kuzipanga ili kila kinachoandikwa kwenye hii kiandikwe na kwenye ile papo hapo. "Moja ikifa, nyingine inaendelea kama mjane mwenye akili." Wakaongeza kadi ya kuingizia picha kutoka kwenye deki, na stabilaiza, maana umeme wetu ulikuwa unapanda na kushuka kama mlima Rungwe.

Sasa pesa ilikuwa yangu nusu. Nilikuwa naweka kidogo kidogo ninunue mashine ya ovaloku, nami nimalizie pindo za nguo kama mafundi wa Mbeya. Nilisimama pale dukani nina hasira, kusema kweli, hasira ya kutaka kulia. Halafu nikamkumbuka yule bibi na swali lake, sauti nitamwambiaje. Nikafungua mkoba.

Mume wangu hakuanza na Lukasi. Alitaka mkono uzoee kwanza, akaanza na kanda ambazo zikiharibika hakuna atakayelia. Kila kanda alibandua lebo, kwa sababu ukungu unapenda gundi, akausafisha utepe kwa pamba na spiriti, akaichezesha mara moja, kompyuta ikapokea. Nyumba ikanuka kama zahanati kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Zilizokwisha alizitupia kwenye boksi chini ya meza yangu ya kukatia.

"Hizo zimeshaingia," aliniambia. "Ukipata mwenye shida nazo mpe."

Wenye shida walikuwepo tele. Utepe wa video ukiufunga kwenye miti juu ya shamba la ulezi, upepo ukipita unavuma, unamwekamweka, ndege wanakimbia. Watu walikuja na vikapu. Mimi nilifurahi kuona sakafu yangu tena.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi, aliimaliza kuisafisha kanda ya Lukasi. Ilikuwa zamu yake sasa. Akaiweka mezani kwangu, pale jua linapoingia, ikauke. Mara wakaja watu wa Masukulu: kuna msiba, wanataka kamera. Akabeba kamera akaondoka nao, na misiba yetu mnaijua, haiishi siku moja.

Hakuniambia. Au aliniambia na mimi nilikuwa nakanyaga cherehani, sijui. Nilikuwa na majoho ya kwaya ya kukata. Nikakuta kanda mezani, haina lebo, kama zile nyingine zote. Nikaisukumia kwenye boksi.

Mchana akaingia Bibi Atuganile.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, bibi. Wiki hii hii. Ulezi wako je?"

"Ah, ndege wanaumaliza. Tulinagwe anagonga debe na kuwapigia kelele mpaka sauti imemkauka."

"Subiri," nikamwambia, na nikalivuta boksi. Kanda tisa. Nilimtwisha mwenyewe kwa mikono yangu hii. Akaniambia ndaga fijo, asante sana, akanibariki mimi na watoto wangu, akaenda.

Ijumaa mume wangu akarudi na matope mpaka magotini. Akanawa, akakaa kwenye kompyuta, akageukia meza.

"Ile kanda ya Lukasi umeiweka wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Mimi nilitamani anitukane.

"Nani amechukua boksi?" akauliza.

"Mwenyewe," nikasema. "Nimempa mwenyewe."

Tulipata lori la ndizi linalopita Kinyala. Njiani nikamwambia, Baba Baraka, tumwambie ilishaoza, tulijaribu ikashindikana. Hata atatushukuru. Akasema, "Wewe ndiye uliyempa. Sema utakachosema, mimi sitakukana wala sitakusaidia." Tukashuka Kinyala.

Shamba tulilisikia kabla ya kuliona. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeinuka kidogo, upepo unapita, na utepe ulikuwa unavuma juu ya ulezi wote. Bibi alikuwa ukingoni anaambua maharage, Tulinagwe yuko pembeni yake. Alipotuona akacheka meno yote.

"Njooni mwone! Tangu Jumatano hata ndege mmoja hajatua!"

Nikapiga magoti kumsalimia, na nilipokwisha kupiga magoti uongo niliouandaa ukaniishia mdomoni.

"Bibi, kwenye zile kanda ilikuwemo ya Lukasi. Ilikuwa haijaingia kwenye mashine. Niliichanganya mimi."

Aliweka chini ungo wa maharage. Akalitazama shamba, miti yote, nyuzi zote nyeusi zinazotetemeka.

"Ni yupi?" akauliza.

Hakuniuliza ni ipi. Mimi ndipo nilipoanza kulia.

Mume wangu akamweleza: zile nyingine zimekaa boksini, ukungu umezirudia, zina madoa meupe tena, ya Lukasi ilisafishwa siku ile ile, lazima ing'ae pande zote mbili. Kanda tisa, bibi alikuwa amefungua nne. Tano zilizobaki tukazikagua, zote zina madoa. Kwa hiyo yumo shambani. Tukapita mstari kwa mstari, tunashika utepe kwa kidole na kuugeuza. Aliyempata ni bibi mwenyewe, juu kabisa karibu na migomba, amezungushwa miti mitano. Alikuwa amemkata kwa mundu mara tatu ili atoshe.

"Nilimfunga kwa nguvu," akasema. "Nikasema huu hautafunguka."

Vigurudumu vya kanda Tulinagwe alikuwa navyo, amevifanya nyumba ya panzi. Akatoa panzi, akatukabidhi. Mimi nimeshika uzi tangu nina miaka kumi na minne, najua kukunja kitu bila kukivuta na bila kukilegeza. Nikakaa chini kwenye majani. Bibi akawa mbele anafungua mafundo, mume wangu katikati anapangusa kwa kitambaa kikavu, mimi nyuma nakunja, nashika kingo tu, sigusi katikati. Kila tulipofika mahali palipokatwa mume wangu aliunga kwa selotepu nyembamba aliyokuwa nayo kwenye mkoba wa kamera. Saa tatu nzima.

Utepe ulivyokuwa unaondoka, upande ule ukanyamaza, na ndege wakaanza kushuka. Kwanza wawili watatu, halafu kundi. Tulinagwe akaokota debe.

"Waache wale," bibi yake akamwambia.

Jumamosi walikuja Tukuyu wote wawili. Mume wangu aliwasha stabilaiza, akaikagua kadi, akahakikisha diski zote mbili zinapokea, halafu akakaa na kidole juu ya deki bila kubonyeza.

"Bonyeza, Baba Baraka," nikamwambia. "Haitapona kwa kutazamwa."

Akabonyeza. Picha ilikuwa mistari na chenga. Mara bega la mtu, mara shada la maua, mara hakuna kitu. Lakini sauti kumbe hukaa ukingoni mwa utepe, na ukingo ulikuwa umesalimika. Tukasikia vigelegele, tukasikia mume wangu akiwa kijana anasema sogeeni kidogo. Halafu mtu akakohoa.

"Mama, simama watu wakuone," ikasema sauti. "Mnaiona miguu hii? Hii miguu imebeba ndizi mpaka mjini miaka saba mimi nisome. Basi, mama, leo keti. Leo nitasimama mimi."

Watu wa kwenye kanda wakacheka, wakapiga makofi. Chenga zikaendelea. Dakika ya tisa utepe ukakatika, ukajizungusha ndani ya deki, na huo ndio ukawa mwisho wake.

Bibi Atuganile alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Tulinagwe akamvuta mkono.

"Bibi, anakohoa kwanza ndiyo anaongea."

"Eeh."

"Kama mimi."

"Kama wewe," akasema bibi, na akacheka huku analia.

Alipotulia akauliza, "Sasa yupo wapi?"

Mume wangu alikuwa anasubiri swali hilo tangu duka la Yussuph. Akafungua ubavu wa ile mashine ya kijivu, akamwonyesha. Hii hapa diski, na hii hapa ya pili. Yupo humu na yupo humu. Moja ikifa, nyingine ipo.

Bibi akainama akatazama vizuri.

"Zote mbili zizi moja?"

"Ndiyo bibi, ili ziandike kwa pamoja..."

"Mwanangu, wewe ni Mnyakyusa kweli? Nilipokuwa na ng'ombe watatu, mmoja alikuwa kwangu, mmoja Masukulu kwa rafiki wa mume wangu, mmoja kwa shangazi. Ugonjwa ulipoingia Kinyala nilibaki na wawili. Nani analaza ng'ombe wake wote zizi moja? Moto ukiingia humu? Mwizi? Mtu akikosea?"

Mume wangu alimuuliza Yussuph habari za feni, za umeme, za skrubu, maswali ya kutoa jasho, na hilo hakuliuliza. Na hilo la mtu kukosea, mimi si nilikuwa nimesimama pale? Akachukua bisibisi. Akaitoa diski ya pili, akaipangusa, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Mtunze wewe, bibi."

"Mimi nina moshi na panya. Tena ng'ombe hafugishwi kwa mwenyewe." Akanigeukia. "Ikupa."

Hakuna mtu anayeniita Ikupa tangu nizae.

"Abee, bibi."

"Kwenu si Lufingo? Kwa mama yako kuna chumba kikavu?"

"Kipo, cha juu, cha mahindi ya mbegu."

"Basi utamtunza wewe."

Nikarudisha mikono nyuma. "Bibi, mimi ndiye niliyempoteza."

"Najua. Si nilikuwepo?" Akanisogezea ile diski. "Pokea, mkono unachoka."

Nikapiga magoti nikaipokea.

Ipo Lufingo hadi leo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imezungushiwa kanga, na mchele mkavu chini yake wa kunyonya unyevu, kifuniko nimekiziba kwa nta ya mshumaa. Kila baada ya miezi mitatu naileta Tukuyu ili Baba Baraka aiongezee harusi na misiba mipya. Mama yangu ananitania, ng'ombe wa watu amekula? Lakini kwa desturi yetu anayetunza ng'ombe hanyimwi maziwa, na Baba Baraka analijua hilo. Akimaliza kuandika ananiachia kiti, anatoka nje. Nasubiri kikohozi. "Basi, mama, leo keti." Nakaa dakika zote tisa, halafu namfunga tena kwenye kanga yangu na kumrudisha Lufingo.